Maua ya dirishani kutoka ndoo ya chipsi

Kwa siku namenya ndoo mbili za viazi, Jumamosi tatu. Fremu yangu ya kuuzia chipsi iko Uyole, Mbeya, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu, na viazi nachukua vya Isongole, kwa hiyo vinanifikia vikiwa bado na udongo mbichi. Nikishavikata naviloweka, la sivyo chipsi zinagandana kwenye karai na kuungua nje kabla hazijaiva ndani. Baadaye namwaga maji, na chini ya ndoo panabaki utando mweupe. Ukiubonyeza ghafla ni mgumu kama chaki. Ukiuachia unatiririka kama maziwa mazito. Kwa miaka saba kazi yangu na utando huo ilikuwa kuukwangua kwa kijiko na kuutupa mtaroni.

Binti yangu wa kidato cha pili ndiye aliyenishika mkono siku moja. "Mama, huo ni wanga mtupu unamwaga." Nikamwambia wanga ni ugali, huu ni uchafu wa viazi. Akaenda ndani akaleta ile dawa ya vidonda ya kahawia yenye iodini, akadondosha tone moja. Utando ukageuka bluu, ukakolea hadi kuwa mweusi. Nikanyamaza.

Wakati huo nilikuwa na ugomvi wangu mwingine, wa dirisha. Fremu ina kioo kikubwa mbele, na kila Desemba nilikuwa nanunua stika za plastiki Mwanjelwa: nyota, kengele, na vipande vya theluji, ingawa huku kwetu tunachokijua ni sakitu ya Makete, barafu nyembamba ya alfajiri. Kufika Februari jua limeshazichuja rangi, kona zimejikunja, nyingine zimepeperukia mtaroni. Kioo kinabaki na mabaka ya gundi yanayoshika vumbi na moshi wa mafuta. Mzee mwenye fremu alipita akasema, "Mama, kioo changu kimepata ukurutu." Nilicheka, lakini liliniuma. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku, tukazoea kubeba vikapu, halafu mimi mwenyewe nabandika plastiki dirishani kwa hela yangu.

Basi tukaanza kupika plastiki ya wanga ili tupate mapambo yetu ya dirisha, mimi na binti yangu, Jumapili nikiwa sijafungua. Vipimo alivitoa yeye, mimi nimevizoea sasa kama vya maandazi: wanga mkavu vijiko vikubwa vitatu, maji kumi na viwili, siki kimoja, glisirini kimoja. Wanga tunaupata kwa kusuuza ule utando mara mbili tatu hadi maji yawe maangavu, kisha tunauanika kwenye sinia mpaka uwe unga.

Glisirini sikuhitaji kwenda kuitafuta. Mwezi wa sita na wa saba hakuna nyumba Mbeya isiyokuwa nayo. Bila hiyo midomo inapasuka na visigino vinakwaruza shuka. Nilipomuuliza binti yangu inafanya nini humo sufuriani akanijibu, "Kile kile inachokufanyia mdomoni." Wanga ukikauka peke yake, nyuzi zake zinashikana kwa nguvu, kitu kinakuwa kigumu na kuvunjika kama kioo. Glisirini inaingia katikati ya nyuzi hizo, inashikilia unyevu kidogo, nazo zinapata nafasi ya kuteleza. Siki nayo inakatakata matawi ya wanga, maana nyuzi nyingine zina matawi kama mti na nyingine zimenyooka, na zilizonyooka ndizo zinazotengeneza karatasi nzuri.

Hayo ni maelezo. Jikoni mambo yalikuwa mengine. Mara ya kwanza niliweka sufuria juu ya mkaa uliokolea, nikidhani lazima uji uchemke. Hauhitaji. Wanga wa viazi unaanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 na kitu, kabla hata maji hayajatoa mapovu. Ulishika chini, ukafanya madonge, na katikati ya madonge unga mbichi. Sasa napooza mkaa kwa majivu, nakoroga bila kuacha, na nauangalia mwiko: uji unatoka weupe wa maziwa, unakuwa wa kijivu, halafu ghafla unaona chini ya sufuria kupitia kwenye uji wenyewe. Hapo hapo natoa.

Mara ya pili niliharakisha kukausha. Nikaweka sinia karibu na jiko. Asubuhi nikakuta kitu kimejikunja kama ukoko, kina nyufa kama shamba la mpunga wa Usangu lililokauka. Mara ya tatu ilikuwa Machi, mvua kila siku, na sinia lilikaa siku tano ndani bila kukauka. Siku ya sita lilikuwa limeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Nilitaka kuacha. Kilichoniokoa ni Juni kuingia na ule upepo mkavu wa baridi. Karatasi ilikauka kwa siku tatu kivulini, ikabanduka yenyewe pembeni kwa sauti ndogo, tsst, kama unavyobandua lebo ya chupa.

Tunamwagia juu ya vipande vya kioo tulivyopewa na fundi aluminiamu, kingo zimesagwa, tumepaka mafuta kidogo sana. Unene wa sarafu ukiwa mbichi, ukikauka unabaki kama karatasi ya jalada la daftari. Tunakata kwa mkasi kabla haijakauka kabisa, siku ya pili hivi. Umbo alilochagua binti yangu ni ua la kiazi. Kama hujawahi kuinama kulitazama, lina pembe tano, ni nyota kamili, na katikati kuna kidoti cha njano. Nikaona kweli, ya nini kuhangaika na theluji.

Rangi zilinifundisha adabu. Bitiruti ilitoa waridi ya kupendeza hadi wapita njia wakawa wanasimama, lakini wiki mbili tu za jua la mchana ikafa, ikabaki rangi ya chai ya maziwa. Manjano nayo haivumilii jua, inapauka haraka. Kilichodumu ni udongo. Ule mwekundu wa nyuma ya nyumba, nikauchekecha kwa kitambaa, nikachukua unga wake laini nusu kijiko cha chai. Tangu Julai haujabadilika hata kidogo. Mkaa uliosagwa pia, kwa anayependa nyeusi.

Kubandika kulinitia aibu mbele ya wateja. Nililowanisha kioo kidogo kwa kitambaa, ua likashika bila gundi, nikafurahi. Kesho yake asubuhi, baridi nje, ndani karai linafuka, kioo kikatoa jasho kama kawaida yake. Maua yakaanza kuteleza polepole, moja likasimama katikati kama konokono, jingine likashuka hadi kwenye fremu ya chini likawa ute. Kijana aliyekuwa anasubiri zege lake, yaani chipsi mayai, akaniuliza kama dirisha linalia. Tangu siku hiyo nayatundika kwa uzi kwenye fimbo ya pazia, upana wa viganja viwili kutoka kwenye kioo, na jioni jua likishukia upande huo sakafu inapata vivuli vyekundu vya nyota.

Nisikudanganye kuhusu uimara. Hii si plastiki ya kutengenezea sahani wala mfuko wa sukari. Maji yanairudisha kuwa uji. Mende wanaitafuna. Kuku wa jirani alipanda kwenye meza ya kuanikia akadonoa nyota nne, akaondoka akiwa mzima kabisa, na jirani akaniomba msamaha huku mimi nacheka. Zinazoharibika natupa kwenye shimo la mbolea, nikifukua baadaye sizioni. Stika za miaka iliyopita bado nazifukua mtaroni zikiwa na kengele zao.

Novemba mzee mwenye fremu alikuja kuchukua kodi. Akasimama dirishani muda mrefu, akagusa ua moja kwa kidole, akalinusa. "Hii ya viazi hii?" Nikamwambia ndiyo, mzee, hata gundi haina. Akakichunguza kioo chake kona zote nne, kisafi. Hakutoa sifa, si kawaida yake, ila aliomba moja ampelekee mjukuu. Nikamchagulia nyekundu nzuri, akaitia mfuko wa koti pamoja na funguo, akaondoka kwa miguu. Mvua ilimkuta Nsalaga. Saa moja usiku akanipigia simu kuniuliza ni kitu gani kile kilichogandia funguo zake zote.