Niliambiwa mrija wa kulia umeziba

Karatasi ya majibu ya kipimo cha mirija ya uzazi niliikunja mara nne nikaifukia chini ya sanduku la nguo. Iliandikwa kwa mkono: mrija wa kushoto unapitisha, wa kulia umeziba. Nilitoka nayo kwenye kliniki moja binafsi hapa Arusha jasho halijanikauka, nikapanda hais ya Sakina, na hadi leo sikumbuki nilikaa na nani.

Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa tukitafuta mtoto. Mume wangu alitangulia kupima mbegu, zikaonekana salama. Namshukuru sana kwa hilo, maana huku kwetu wanawake wengi huhangaishwa miaka na miaka kabla mwanaume hajaguswa. Ndipo nikaandikiwa kipimo cha mirija kwa altrasaundi.

Hufanywa hedhi ikishakauka na kabla yai halijapevuka, na mkojo hupimwa kwanza kuhakikisha huna mimba. Daktari anapitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi, kisha kwa bomba la sindano anasukuma maji ya chumvi yaliyotikiswa na hewa. Kuna wanaotumia povu maalumu. Kifaa cha altrasaundi kinakuwa ukeni, na mrija ukiwa wazi unaona kwenye skrini cheche nyeupe zikikimbia hadi zinamwagika karibu na ovari. Hakuna mionzi kama ya eksirei, wala hulazwi.

Siku ile maji yalisukumwa haraka mno. Tumbo likajikunja, masikio yakavuma, macho yakaingia giza, mikono ikawa ya baridi. Nesi akaninyanyua miguu. "Vuta pumzi mama, inapita." Kweli ilipita, kama dakika kumi hivi. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba mlango wa kizazi ukiguswa, presha na mapigo ya moyo vinaweza kushuka ghafla, na kwamba si jambo geni. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyenidokeza kabla. Na ni katikati ya kukakamaa kule ndipo mrija wangu wa kulia ulipoandikwa umeziba.

Nyumbani wifi akaniletea chupa ya dawa ya kuzibua mirija, ile inayouzwa kila kona. Alikuwa na nia njema, lakini sikuinywa. Kovu ndani ya mrija haliyeyushwi na kitu ulichomeza, na ningepoteza mwezi baada ya mwezi huku umri unakwenda.

Miezi minne baadaye nilikwenda Moshi kumwona bingwa wa magonjwa ya wanawake. Nikamwamkia, nikakunjua karatasi yangu. Hakuisoma kwanza. Aliniuliza, "Uliumia sana ulipopimwa?"

Akanichorea. Mrija una misuli, ukishtuka hubana pale unapoungana na mfuko wa uzazi, na kwenye skrini utaonekana umeziba wakati haujaziba. Tena maji hukimbilia upande ulio mwepesi, hivyo wa pili unaweza kukosa zamu. Akasema kipimo hiki kikilinganishwa na upasuaji wa matundu madogo, ambao hupitisha rangi na daktari akaiona kwa macho, hupatia takriban mara 9 kati ya 10, karibu sawa na kile cha mirija cha eksirei. "Lakini neno 'umeziba' silipokei kwa kipimo kimoja, mama."

Basi tukarudia kipimo. Mara hii aliniuliza kama nina uchafu wenye harufu au maumivu ya nyonga, kwa sababu ukipima juu ya maambukizi unayasukuma ndani. Maambukizi baada ya kipimo ni machache, kama mtu 1 kati ya 100 au pungufu, ila mwenye mrija uliokwisha kuvimba na kujaa majimaji kabla ya kipimo yuko kwenye hatari zaidi na hupewa antibayotiki. Nilimeza dawa ya maumivu saa moja kabla. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, akasukuma kidogo, akasubiri, akasukuma tena. Tumbo liliuma kama siku ya kwanza ya hedhi, basi.

"Geuza macho huku," akasema, akielekeza kidole upande wa kulia wa mfuko. Mwanzo palikuwa peusi. Tukangoja. Kisha cheche zikachomoza moja moja, halafu mfululizo, zikamwagika.

Nilitokwa na matone ya damu siku mbili. Alishanionya: homa ikipanda, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nirudi siku hiyohiyo. Akanionya pia kwamba mrija kuwa wazi si lazima ufanye kazi vizuri, na makovu ya nje yanayoubana altrasaundi inaweza isiyaone. Sasa tunafuatilia upevukaji wa yai; tukikwama, upasuaji ule mdogo utafuata.

Majibu mapya aliyaandika mbele yangu. Nilimwomba anisomee mstari wa kulia mara mbili.