Huyu wa Mahindi Si Mimi

Mwaka 2013 nilikuwa mkutubi mdogo katika chuo kimoja hapa Nairobi, kazi yangu kuwatafutia wahadhiri majarida. Siku moja Daktari alinijia na fomu ya kuomba kupandishwa cheo awe profesa mshiriki. Kurasa nyingine alikuwa ameshazijaza. Iliyomkwaza ni sehemu moja ndogo: faharasa ya h, namba ya kupima jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake.

"Binti, nitafutie hii namba yao. Wanaitaka kufikia Ijumaa."

Nikamweleza. Hirsch, mwanafizikia wa California, aliipendekeza mwaka 2005: ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi, h yako ni kumi. Moja kati ya hizo ikinukuliwa hata mara elfu, namba haisogei. Daktari akaguna tu.

Tulifungua Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma na kuhesabu zilivyonukuliwa, ikampa 17. Akavaa miwani, akaanza kusoma vichwa vya makala. Vya kwanza vilikuwa vyake: mabadiliko ya p53, jeni inayozuia saratani, katika uvimbe wa umio, saratani inayowasumbua sana watu wa Bomet, wengine wakiwa hawajafika hata miaka 30. Kisha yakaanza mahindi. Virusi vya mahindi, jeni za mahindi, mahindi ya kustahimili ukame. Kumbe kuna mtafiti mwingine mwenye jina la ukoo na herufi za mwanzo kama zake, na kwa vile wote wawili wanashughulika na DNA, mashine iliwafanya mtu mmoja. Tena wa mahindi ndiye aliyenukuliwa zaidi.

"Huyu wa mahindi si mimi. Mtoe."

Mwenzake wa idara, aliyekuwa akisoma gazeti meza ya pili, alimshauri aache tu, kamati haina muda wa kukagua majina. Daktari akamgeukia. "Na kwenye mahojiano wakiniuliza mahindi yanaugua nini?"

Nikayatoa. Namba ikaporomoka hadi 9. Ndipo akakumbuka kwamba kabla ya kuolewa alikuwa akiandika kwa jina la baba yake, na makala hizo zilikuwa zimekaa peke yake kama yatima. Tulipoziunganisha tukafika 11.

Makala iliyompandisha zaidi ilikuwa ya watafiti wa nchi kadhaa, jina lake likiwa katikati ya orodha ndefu. "Hapa nilipeleka sampuli tu," alisema, bila haya wala majivuno. Aliyokuwa akiitafuta kwa macho ilikuwa nyingine, iliyochapishwa hapa hapa Nairobi, inayoeleza namna ya kupata DNA kutoka vipande vya uvimbe vilivyokaa miaka mingi ndani ya nta kwenye kabati za hospitali, bila kutumia vifaa vya bei kubwa. Wanafunzi wake wote walifundishwa kwa nakala ya makala hiyo. Nakala hiyo nimewahi kuiona kule maabara, imejaa madoa ya rangi. Makala yenyewe imenukuliwa mara mbili. Toleo lile halikuwa limewekwa mtandaoni, na mashine haiwezi kuhesabu nakala za fotokopi.

Nilijaribu kumchangamsha kwa habari ya Lowry, ambaye makala yake ya 1951 ya kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, na nadhani wengi wa wanaoinukuu hawajaifungua. Hakucheka. Akanikumbusha Burkitt, daktari mpasuaji aliyeandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Kilichomwamsha Epstein, mtafiti wa virusi, ni mhadhara wa Burkitt alioukuta London mwaka 1961. Akaomba sampuli kutoka Uganda, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake.

"Sasa mhadhara unajazwa wapi humu?" akaniuliza, akigonga fomu kwa kalamu.

Tukaandika 11. Chini yake, kwa mkono wake, akaongeza jina la ile makala ya nta, ingawa hakuna aliyeiuliza.

Kabla ya kuondoka alimwandikia barua pepe mtu wa mahindi, kumjulisha kwamba kazi zake zilipotea njia. Majibu yalikuja kesho yake. Bwana yule alisema sasa ameelewa kwa nini jarida moja lilimtumia mswada wa saratani ya umio aupitie.

Daktari alimjibu kwa mstari mmoja: "Natumaini ulikataa."