Kushuka kutoka tramadol: daftari langu la safu mbili

Nilianza kupunguza tramadol, dawa ya maumivu, nikiwa kwenye miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli nane za 50, mbili kila baada ya saa sita. Hicho ndicho kikomo cha mtu mzima. Kiuno kiliuma vilevile. Kilichozidi ni choo kigumu na usingizi wa mang'amung'amu.

Tramadol hufanya kazi kwa njia mbili: inashika mlemle inamoshika morfini, na pia inapandisha serotonini na noradrenalini kama zifanyavyo dawa za sonona. Ndiyo maana arosto yake, yaani shida zinazokuja ukiipunguza, haiishii kwenye mafua, kuhara na vinyweleo kusimama. Huja na wasiwasi, kilio kisicho na sababu, usiku wa macho makavu. Ukidhani hayo ni maumivu, utapandisha dozi bure. Kwa hiyo kila jioni niliandika namba mbili: maumivu 0 hadi 10, na moyo, yaani hali ya hisia, 0 hadi 10. Mara nyingi maumivu yalibaki 5 huku moyo ukianguka kutoka 6 hadi 2 siku ya pili au ya tatu, kisha ukapanda wenyewe. Hapo sikugusa dozi.

Kwa makubaliano na daktari nilitoa kapsuli moja kwa mwezi, nikianza na za mchana. Za usiku mwisho. Kinachoangusha wengi ni hesabu. Kapsuli ileile ni asilimia 12.5 ukiwa 400, asilimia 25 ukiwa 200, na nusu nzima ukiwa 100. Kuanzia 100 tulihamia vidonge vya kawaida vyenye mstari katikati, nikashuka 25 kwa 25, na hatua mbili za mwisho nikazipa wiki sita kila moja. Vile vinavyotoa dawa polepole havikatwi wala kusagwa: dozi ya saa 12 humwagika kwa mkupuo.

Usijiongezee dawa za sonona za ndugu yako, kama fluoxetine au amitriptyline. Pamoja na tramadol huzidisha hatari ya degedege, na serotonini ikipita kiasi utatetemeka, utatoka jasho, moyo utakwenda mbio. Fluoxetine, tena, huzuia ini kuigeuza tramadol iwe na nguvu, kwa hiyo unapata hatari bila nafuu. Diazepam ya kutafutia usingizi ndiyo mbaya zaidi, hupunguza pumzi.

Mawazo ya kujidhuru hayasubiri tarehe ya kliniki. Ni hospitali siku hiyohiyo, na dawa zishikwe na mtu wa nyumbani. Kapsuli zilizobaki nilizirudisha famasi nikiwa 75, kwa sababu mwili ulioshuka hauhimili tena 400.