Mguu umepona, lakini upande wa kushoto anauona?

Mtu akipatwa na kiharusi akasalimika, miezi miwili mitatu baadaye nyumbani huzuka suala la funguo za gari. Jamaa hutazama mguu na mkono. Anatembea? Anashika kikombe? Basi ataendesha. Kila nikilitafakari jambo hili naona tunatazama pasipo. Mguu dhaifu mwenyewe anaujua na hujihadhari nao. Tena una dawa: gari la otomatiki, kishikio kinachofungwa kwenye usukani ili mkono mmoja utoshe, pedali ya mafuta iliyohamishiwa kushoto. Hatari kubwa ni upungufu ambao mwenye nao hauhisi.

Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto hulegea, na hilo kila mtu analiona. Lakini ubongo huohuo waweza kuacha kabisa kuushughulikia upande wa kushoto. Jicho ni zima, ila kilichoko kushoto hakimfikii. Mgonjwa hula wali wa nusu ya sahani na kusema amemaliza. Sasa mketishe kwenye gari huku kwetu Mombasa, tunakopita kushoto na dereva kukaa kulia. Kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara, stegi, makanga anayeruka kabla matatu haijasimama, bodaboda inayopenya, mkokoteni unaotoka soko la Kongowea. Upande alioupoteza ndio wenye watu.

Dalili zake zaweza kutafutwa mezani. Chora mstari wa sentimita 20 kwenye karatasi, uweke mbele yake katikati, umwambie atie alama katikati ya mstari. Mwenye tatizo hili huitia mbali upande wa kulia. Kisha mpe ukurasa wa gazeti akate kwa kalamu kila herufi "a". Usihesabu alizoruka tu, tazama ameziruka wapi. Zikiwa zimerundikana kushoto, funguo zibaki kabatini hadi aonwe na daktari na mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia kazi zake za kila siku.

Hospitalini kuna kipimo kingine cha karatasi: viduara 25 vyenye namba na herufi, mtu aviunganishe kwa kupokezana, 1, A, 2, B, mpaka 13. Hupima kama akili inaweza kushika mambo mawili kwa pamoja, na ikipita dakika tatu ni ishara mbaya. Hapa Mombasa lazima kitumike kwa uangalifu. Tunao wazee waliosoma chuo cha Kurani tu, alifu na be wanazijua sana lakini mpangilio wa A, B, C haujawakaa. Mzee kama huyo akishindwa, kilichopimwa ni shule. Asihukumiwe kwa karatasi hiyo.

Macho nayo, hata bila kiharusi, yana hila zake. Glakoma hula uoni wa pembeni polepole bila maumivu, na ubongo huziba pengo, hivyo mtu aweza kusoma chati ya ukutani vizuri huku pembeni kumeshafifia. Ndiyo maana kusoma chati hakutoshi. Uingereza hutaka dereva asome namba ya gari umbali wa mita 20, na pia awe na upana wa kuona usiopungua nyuzi 120. Huo upana ndio unaosahaulika. Kuna njia ya haraka: keti umkabili mgonjwa, umbali wa mita moja hivi, yeye afunge jicho moja nawe ufunge linalolielekea, kisha chezesha kidole kwenye pembe nne. Ukikiona wewe na yeye hakioni, aende kliniki ya macho apimwe kwa mashine. Mtoto wa jicho naye hutawanya mwanga wa taa zinazokuja. Dereva mwenye tatizo hilo atakwambia mchana yu sawa, na ni kweli, lakini jioni kwenye Daraja la Nyali taa za mbele humfunika.

Kisukari nataka kukizungumzia zaidi, hasa mwezi wa Ramadhani. Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamidi sukari yake yaweza kuanguka saa za mwisho za funga, wakati ambapo kila mtu anakimbilia nyumbani kufuturu na foleni imeganda. Sukari ikishuka, hukumu ya mtu yaweza kuharibika kabla ya mikono kuanza kutetemeka, kwa hiyo yeye si shahidi mzuri wa hali yake. Utaratibu wa Uingereza kwa wanaotumia insulini unafaa kuigwa: pima ndani ya saa mbili kabla ya safari, na kila saa mbili safarini. Chini ya milimoli 5 kwa lita, kula kwanza. Chini ya 4, usiendeshe. Ikishashuka ikarudi sawa, subiri dakika 45 zaidi, kwa sababu ubongo huchelewa kupata nguvu zake. Kudunga kidole hakufunguzi, na wanazuoni wengi wamesema hivyo. Na ikishuka barabarani, simamisha gari pembeni na ufungue. Uhai unatangulia.

Kisukari hufisha nyayo pia. Asiyehisi pedali hukanyaga kupita kiasi, au kiatu hunasa chini ya breki. Nyayo zipimwe kliniki kwa uzi wa nailoni unaojipinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10, na kandambili zisivaliwe kwenye usukani hata kidogo.

Yote haya yakipita, ndipo barabara. Tumieni gari la shule ya udereva lenye breki upande wa mwalimu, si gari la nyumbani na mwana aliyeshika roho mkononi. Anzeni uwanjani injini ikiwa imezimwa: mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki mara kumi bila kutazama chini. Halafu njia za ndani za Nyali Jumapili asubuhi, halafu Digo Road siku ya kazi, mwisho ngazi ya feri ya Likoni, penye mteremko na watu kila upande. Mwalimu atenganishe tabia za zamani na makosa mapya. Kupiga honi ovyo au kushika usukani kwa mkono mmoja ni mazoea ya miaka 40. Kusogelea ukingo wa kushoto bila kujua, kusimama taa ikiwa kijani, kugeuza macho kwenye kioo baada ya kuhama njia: hayo ni ya ugonjwa. Kwa kilomita 50 kwa saa gari hula mita 14 kila sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ya kuchelewa ni mita saba. Mwalimu akilazimika kugusa breki, siku hiyo jibu limepatikana.

Jibu laweza pia kuwa la katikati: mchana tu, Bamburi hadi Mtwapa tu, bila wajukuu ndani. Baba aambiwe na daktari mbele ya familia, kwa heshima, "Mzee, macho yako tuyapime tena baada ya miezi sita," na usafiri wake wa kwenda msikitini na kliniki uwe umeshapangwa kabla ya funguo kuombwa.