Siku moja maishani mwangu: mbwa mwongozaji katika chumba cha miswada, Lamu

Saa moja asubuhi. Nimekagua mitego ya gundi tunayotegea wadudu, kisha nikasogeza meza moja pembeni, mbali na njia ya wenzangu wanaobeba makasha, na kutandika jamvi chini yake, kwa kuwa mtafiti tunayemtarajia kutoka Uingereza haoni vizuri na huongozwa na mbwa.

Saa mbili. Askari wa mlangoni ananiuliza, "Bi, tumdai cheti cha mbwa?" Namjibu hapana. Ibara ya 54 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kupata habari kwa kadiri ifaavyo. Tumeazima pia kanuni ya Marekani, ambako pasipo dhahiri kazi ya mbwa huulizwa mambo mawili tu: je, anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani?

Saa tatu. Mzee ambaye jamaa zake walituwekea miswada hii amekuja mwenyewe, na hoja yake ni nzito: kwa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sikumpinga. Nilimwonyesha kwamba miswada iko juu ya mto wake kwenye meza ya pili, kwamba kila msomaji hunawa na kukausha mikono kabla ya kugusa karatasi, na kwamba bakuli la maji ya mbwa liko nje barazani. "Kikavu kwa kikavu hakina neno," akasema, akaketi.

Saa tano. Mgeni anasoma picha za kurasa zilizokuzwa kwenye kioo cha kompyuta, mbwa amelala chini ya meza, na hakuna anayempapasa, maana yuko kazini. Aliyetusumbua ni paka wa mtaani, aliyetolewa mara mbili.

Saa sita na nusu. Adhana ya adhuhuri. Tunafunga, mbwa anatolewa nje.

Saa kumi. Nafyonza manyoya kwa mashine, sakafuni na chini ya rafu, kwani mabuu ya baadhi ya mbawakawa hula nywele na sufu, na wakishazaliana hawayaachi majalada ya ngozi. Nimeona feni ya dari ikiyapeperusha manyoya kuelekea makasha, kwa hiyo kesho jamvi litahamia upande wa dirisha.