Saa Tisa Usiku

Nimetoka kumkojoza mwanangu sasa hivi. Ana miaka minne. Namnyanyua kitandani, namsimamisha mlangoni mwa choo, kichwa kinaniangukia pajani, macho hayafumbuki hata kidogo, anamaliza, namrudisha. Asubuhi hatakumbuka. Mke wangu hunicheka, anasema nyumba hii haihitaji kengele ya simu. Kweli sijawahi kuitega. Ikifika saa tisa mwili wenyewe unaamka, iwe nimelala saa tatu au saa saba, iwe umeme upo au umekatika kama leo.

Usingizi ndiyo umeshapaa hivyo, ngoja niandike.

Nilikuwa kikojozi. Nina miaka 27, fundi wa majokofu na viyoyozi, watu wananiita kaka mkubwa kule Ilala, lakini neno kikojozi likitajwa barabarani nageuka kuona nani ananiita.

Ya utotoni Buguruni, Dar es Salaam, nitayapitia haraka. Baba alitangulia kabla sijaota meno. Mama akafariki mwaka 2004, nikiwa na miaka sita, nikachukuliwa na mama mdogo. Mama mdogo simlaumu, naye alikuwa analishwa. Mumewe ndiye aliyekuwa na sheria: karanga alizonipa nikauze zirudi kwa hesabu, na siku nikikojoa kitandani, godoro kichwani, mtaa mzima nizungushwe. Watoto wenzangu wanafuata nyuma wanaimba ule wimbo mnaoujua. Maji ya godoro yanashuka shingoni, yanaingia mgongoni, na jua la Dar es Salaam likipiga hapo, harufu yake hadi leo ninayo. Nikaanza kulala nje, kwenye kibaraza cha duka, maana kibaraza hakina godoro.

Aliyeniokota ni mjumbe wa nyumba kumi. Mzee mmoja mkali, hana salamu ya maana na mtu. Aliandika barua, tukaenda serikali ya mtaa ikagongwa muhuri, tukaenda ustawi wa jamii, tukaketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mwisho wa siku hiyo nikawa Ukonga kwenye kituo cha yatima. Mwaka 2006. Mzee yule hata kuaga hakuaga, alinipa andazi lililobaki kwenye mfuko wa kanzu akaondoka.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilipewa kitanda cha juu, nikakaa nimeegemea ukuta, nimeapa sitafumba jicho. Karibu na alfajiri usingizi ukanishinda, na kilichotokea hakuna haja ya kukisimulia, isipokuwa kwamba kulikuwa na mtoto kitanda cha chini.

Asubuhi nilifanya nilichokijua. Nililishusha godoro, nikalitwika, nikatoka nalo uani, nikasimama. Wenzangu walikuwa wanapanga foleni ya uji. Mlezi wetu, ambaye wote tulimwita Mama Mkubwa, alikuwa anakoroga sufuria. Akaniangalia.

"Unakwenda wapi na godoro?"

"Kuzungushwa."

"Kuzungushwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mtaa wenyewe siujui, nimeingia jana. Nikamwambia, "Popote, Mama."

Aliweka mwiko chini. Alinitua lile godoro taratibu, kama mtu anavyomtua mwenzake ndoo ya maji, akalianika juu ya bati la banda la kuku. Pale juu yalikuwapo mengine matatu, wala sikuwa nimeyaona. Akasema, "Nenda kanywe uji utapoa." Basi. Nimesikia hotuba nyingi kuhusu huruma tangu siku ile, misikitini na kwenye mikutano. Nyingi ni ndefu mno.

Usiku uliofuata nikaguswa unyayo. Tochi, na sauti ya chini: "Amka, twende." Tulikuwa tisa kwenye orodha ya Mama Mkubwa. Tunatoka uani kwa mstari kama siafu, mmoja mmoja, yeye kasimama na tochi anaangalia pembeni ili tusione haya. Saa tisa. Kila usiku, mvua ya masika, Sikukuu, siku anaumwa malaria. Akishatulaza anachukua udhu kwenye kopo, anatandika mswala barazani, anaswali.

Mimi nilikuwa sirudi kulala. Naogopa kulala tena nisije nikaharibu kazi. Nikawa nakaa nyuma yake kwenye ngazi, nimejifunika shuka. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Hivyo ndivyo nilivyojua Surat Dhuha kabla ya ustadhi wa madrasa kunifikisha huko. Niliisikia kwa mgongo wa Mama Mkubwa. Baadaye ustadhi alipotueleza maana yake, kwamba Mola anamkumbusha Mtume alivyomkuta yatima akampa makazi, nikauliza: Mtume naye alikuwa yatima? Akasema baba yake alikufa kabla hajazaliwa, na mama yake, Bibi Amina, akafariki yeye akiwa na miaka sita. Nikahesabu vidole chini ya dawati. Sita. Sikumwambia mtu, lakini siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Nisijifanye walii. Nilikaa nyuma ya ule mswala miaka miwili nikiomba kitu kimoja tu, mama arudi. Nilijua haiwezekani, nikaomba hivyo hivyo. Halafu nikasusa, nikiwa na miaka kumi hivi, nikawa nakojoa naingia ndani kulala. Mama Mkubwa hakuuliza. Siku niliyorudi kwenye ngazi, hakuuliza vilevile.

Na Ramadhani! Mtoto wa kituo Ramadhani ni balozi. Miezi kumi na moja uji na maharage, mwezi mmoja tunagombewa. Kampuni hii inatufuturisha hotelini leo, ile kesho. Tunavalishwa fulana zenye nembo juu ya kanzu. Mwaka mmoja nilichaguliwa nipokee kiroba cha sembe mbele ya kamera, na mpiga picha akaniambia, "Dogo, usicheke sana." Nilikuwa nacheka kwa sababu nimeona sambusa. Picha ikatoka nimenuna, sembe ikaliwa, fulana tukazifanya matambara ya kudekia. Pilau lakini lilikuwa tamu, hilo siwezi kulikana. Ninachowaomba wenye nafasi zao: mwezi unaofuata pia watoto wanakula.

Tarehe 16 Februari 2011 ni usiku wa mabomu ya Gongo la Mboto, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka. Aliyekuwa upande ule hahitaji kusimuliwa, na ambaye hakuwapo sidhani kama nitamweleza akaelewa: mbingu nyekundu, bati linaruka, halafu mlio unafika baada ya mwanga. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Ukonga yote ilimwagika Barabara ya Nyerere kuelekea mjini, watu wamebeba magodoro, kuku, televisheni, na watoto ambao wengine hawakuwa wao. Watoto walipotea sana usiku ule.

Mama Mkubwa alifunga khanga zake ncha kwa ncha, kila mtoto akashika. Tulikuwa 41. Wakubwa, mimi nikiwemo, tukawekwa mwanzo na mwisho. Alikuwa anatuhesabu huku tunakimbia, na tulipofika Banana akatusimamisha kando ya barabara akahesabu tena kwa kumgusa kila mmoja kichwani. Arobaini. Akarudia. Arobaini. Sijawahi kumwona hivyo, midomo inatetemeka, ameshageuka arudi Ukonga kwenye ule moto. Nikamshika mkono: "Mama, na wa mgongoni." Alikuwa amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kalala fofofo. Kama yule wa kwenye hadithi aliyehesabu punda akamsahau aliyempanda. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, akacheka, kisha akalia, kisha akasema tuendelee.

Nilimaliza kidato cha nne Novemba 2015, kwa ada ya mfadhili, shilingi 20,000 kwa mwaka. Januari 2016 ada hiyo ikafutwa kwenye shule za serikali nchi nzima. Riziki ni mafungu. Kisha nikafikisha miaka 18, na hapo ndipo kituo kinapokoma. Begi moja, msahafu, na neno la kheri getini. Hili nalisema bila chuki, kwa kuwa walionilea walikuwa hawana uwezo zaidi: kumlea mtoto hadi 18 halafu kumtoa kwa siku moja ni kumtengenezea uyatima wa pili. Miezi mitatu nililala kwenye gereji ya majokofu nikilinda vyuma vya watu. Ndipo nilipojifunzia ufundi, kabla ya kupata kozi VETA Chang'ombe. Usiku nikiamka saa tisa pale gerejini, hakuna wa kunigusa unyayo, nilikuwa natandika boksi la friji chini naswali juu yake. Boksi linateleza, ukisujudu unasogea mbele.

Mama Mkubwa amestaafu, anaishi Mkuranga kwa mdogo wake. Nilikwenda mwezi uliopita na mke wangu na mwanangu, mjukuu wake. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Macho yamepungua nuru lakini kichwa kiko sawa. Nikamuuliza swali nililokaa nalo miaka: alianza lini kuamka kwa ajili ya swala ya usiku? Nilitarajia aniambie alirithi kwa mama yake, au kwa shehe fulani.

Akanishangaa. "Nani? Mimi? Mimi nilikuwa mtu wa kulala, baba. Nilikuwa naamka kwa sababu ya magodoro yenu. Sponji likilowa kila siku linaoza, na mengine hatuna." Akanywa chai. "Sasa nimeshaamka, usingizi umekatika, nitafanya nini? Nikasema basi niswali."

Njia nzima ya kurudi, kwenye daladala ya kuja Mbagala, nilikuwa kimya. Mtoto alikuwa kanilalia, na mke wangu aliniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Leo nilipokuwa namrudisha kitandani, mwanangu aliongea, jambo ambalo halijawahi kutokea saa hizi. Macho kafumba vilevile.

"Baba, na wewe umeshakojoa?"

Nikamwambia bado.

"Nenda," akasema, akajigeuza ukutani.