Wakamsindikiza hata Merikebuni

Somo: Matendo ya Mitume 20:17–38

Wapendwa katika Bwana, juma hili ninawaomba tukae kidogo na wale waliobaki ufukweni.

Somo letu linaeleza kwamba Paulo, akiwa na haraka ya kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste, hakupitia Efeso, mji aliokuwa ameutumikia kwa miaka 3, bali aliwaita wazee wa kanisa lile wamfuate Mileto, penye bandari. Aliwaeleza yaliyokuwa moyoni mwake, akawaambia kwamba hawatamwona uso tena. Walipiga magoti pamoja, wakaomba, wakalia, wakamwangukia shingoni, kisha wakamsindikiza hata merikebuni. Mwandishi wa habari hizi alikuwa miongoni mwa wasafiri, kwa maana anasema "sisi", na kwa sababu hiyo sura inayofuata inatweka tanga pamoja na Paulo kuelekea Kosi na Rodo, huku wale wazee wakiachwa nyuma wamesimama mchangani. Walirudi kwao wakizungumza nini, na nani aliyekuwa wa kwanza kupata tena nguvu ya kucheka, hatuambiwi.

Nimekuwa nikiwawazia wazee hao tangu Agosti 2022, na sababu yenyewe, mtaniwia radhi, ni mchezo.

Sisi tunaoishi huku Maryland, kandokando ya jiji la Washington, tumelea watoto ambao hawakurithi kutoka kwetu ushabiki wa kandanda peke yake. Mwanangu aliipenda besiboli kabla mimi sijaelewa hata sheria zake, nami nikaingia uwanjani nikiwa mwanafunzi wake. Kwa ndugu ambao hawajauona mchezo huu, yatosha kujua kwamba mrushaji hurusha mpira mdogo, mgumu, kwa kasi ya kutisha, na mpigaji humngoja akiwa na gongo (ndugu zangu wa Tanzania wasicheke, hili ni la mti). Ikitokea mpigaji ameupiga mpira ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja, hiyo huitwa homurani, naye huzunguka vituo vyote vinne taratibu, bila mtu wa kumfukuza, kama bwana harusi anayelekea ukumbini. Wanaoweza kufanya hivyo mara kwa mara ni wachache, na mji uliojaliwa kuwa naye mmoja humpenda kwa namna isiyo na kiasi.

Mji wetu ulijaliwa Juan Soto. Alizaliwa Santo Domingo, katika Jamhuri ya Dominika, mwaka 1998, akaanza kuichezea Washington Nationals Mei 2018 akiwa na umri wa miaka 19. Katika mchezo wa kwanza alioanza, mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa aliupiga ukavuka ukuta. Timu pinzani siku ile ilikuwa San Diego Padres. Nawaomba mlikumbuke jina hilo. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 1 Oktoba 2019, Nationals walikuwa nyuma katika mchezo mmoja tu ambao ungeamua kama wataendelea au watarudi nyumbani, na mbele ya Soto alisimama Josh Hader wa Milwaukee Brewers, mmoja wa warushaji waliokuwa wakiogopwa zaidi wakati ule. Soto aliupiga mpira kuelekea upande wa kulia, kijana aliyekuwa akilinda upande huo, Trent Grisham, akaukosa, ukapita chini ya glavu yake, na wenzake Soto watatu wakamaliza kuzunguka vituo, kila mmoja akaipatia timu alama. Mwezi huohuo timu ilitwaa ubingwa kwa kuwashinda Houston Astros, na jiji la Washington, ambalo lilikuwa halijapata taji la besiboli tangu mwaka 1924, likaandamana barabarani kwa furaha. Soto alikuwa ametimiza miaka 21 siku chache tu kabla.

Sasa, kuna jambo moja la mchezo huu ambalo mtu aliyezoea kandanda hulishangaa. Kwenye kandanda mchezaji hawezi kuhamishwa bila yeye mwenyewe kukubali na kutia sahihi. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, timu inaweza kuubadilisha mkataba wa mchezaji kwa wachezaji wengine pasipo kumwuliza, na kesho yake akatakiwa kuripoti katika mji mwingine, isipokuwa kama mkataba wake una kipengele cha kumlinda, au kama amecheza miaka 10 katika ligi, 5 ya mwisho ikiwa na timu ileile. Soto alikuwa katika mwaka wake wa 5 tu. Timu ilikuwa imeporomoka, familia iliyoimiliki ilikuwa imetangaza kutafuta mnunuzi, na mwezi Julai ilijulikana kwamba amekataa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 440. Kuanzia hapo kila mmoja alijua kwamba huenda akaondoka kabla ya dirisha kufungwa tarehe 2 Agosti.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ya mwisho, Nationals walikuwa nyumbani, katika uwanja wao ulio karibu na Mto Anacostia, wakicheza na New York Mets. Aliyewarushia mipira alikuwa Max Scherzer, ambaye alikuwa shujaa wa mji uleule katika ubingwa ule wa 2019, na ambaye naye alikuwa amebadilishwa mwaka mmoja kabla. Soto alimpiga homurani. Ilikuwa ya 119 tangu aanze kuichezea Washington, na ikawa ya mwisho. Sisi tulikuwa sebuleni tukitazama. Watu walisimama uwanjani wakapiga makofi, na makofi hayo hayakuwa ya homurani peke yake. Yalikuwa ya watu wanaosindikiza bila kuwa na hakika kwamba mgeni anaondoka. Mwanangu, akiwa amevaa jezi yenye namba 22 mgongoni, alisimama pia mbele ya televisheni. Kesho yake mchana habari ikatoka: Juan Soto na Josh Bell wanakwenda San Diego Padres.

Mtoto alilia. Nilitaka kumwambia kwamba huo ni mchezo tu, nikasita, kwa sababu nilikumbuka kwamba wazee wa Efeso walilia sana, wote, na Paulo hakuwakemea. Tumezoea kuwaambia wafiwa, na hata watu walioagana tu na wapenzi wao kwenye uwanja wa ndege, kwamba machozi ni upungufu wa imani, na sijui maneno hayo tuliyapata katika maandiko gani. Waliolia Mileto walikuwa viongozi wa kanisa, watu wazima, na walikuwa wametoka kupiga magoti.

Zaidi ya machozi kulikuwa na hasira, na hasira ya mashabiki iligawanyika. Wako waliowalaumu wenye timu kwa kumwachia kijana wa miaka 23 ambaye mtu hawezi kumpata mara mbili katika maisha yake. Wako waliomlaumu Soto, wakisema kwamba mtu anayekataa dola milioni 440 haupendi mji, anapenda fedha. Mimi nilikuwa karibu na kundi la pili, nakiri, maana ni vigumu kwa mtu anayehesabu nauli ya juma kumhurumia anayekataa fedha za namna hiyo. Baadaye niliona kwamba hasira yangu haikuwa ya haki. Ilikuwa ni namna ya kujipunguzia maumivu. Tukimfanya anayeondoka kuwa mbaya, tunajiokoa na kazi ya kumsindikiza. Mtu hafungi safari kumsindikiza msaliti. Humfungia mlango tu.

Na kusindikiza, wapendwa, ni kazi. Sisi wenye lugha hii tunalijua neno hilo kwa miguu yetu. Mgeni wa kweli haagwi akiwa kitini, wala kuishia kizingitini hakutoshi. Mwenyeji hutoka naye, akambebea mzigo, wakapita shamba la kwanza na la pili, hadi penye njia panda au kituo cha basi, na mara nyingi maneno yenye uzito hutamkwa pale na siyo ndani ya nyumba. Anayesindikiza anatumia nguvu zake mwenyewe kumsogeza mbali naye mtu ambaye angependa abaki. Ndivyo walivyofanya wazee wale. Hawakumzuia Paulo kwa madai ya miaka 3, ijapokuwa walikuwa na la kudai, wala hawakurudi kimya kimya ili wasiione merikebu ikiondoka.

Siku 10 baada ya mabadilishano yale, Padres walikuja kucheza Washington. Ratiba ilikuwa imepangwa zamani, hakuna aliyekusudia ukatili huo. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Agosti, na mfanyakazi mwenzangu alikuwa ametugawia tiketi mbili. Njiani mwanangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: avae jezi ile au asivae, na Soto akija kupiga, apige makofi au anyamaze, kwa kuwa sasa akifanya vizuri sisi tutafungwa? Nilimwambia tutaona watu wanafanya nini, jibu la mzazi aliyeishiwa.

Soto alipokuja mara ya kwanza kupiga, akiwa amevaa rangi za wenzetu, uwanja ulisimama. Alivua kofia yake ngumu akawainamia watu. Nilitazama pembeni nikamwona mtoto amesimama juu ya kiti, anapiga makofi kwa nguvu zote, uso umelowa. Usiku ule tulifungwa 10 kwa 5, na hatukuwa na haki ya kushangaa.

Sijapata kusikia mahubiri yaliyonieleza vizuri zaidi maana ya kumpenda mtu pasipo kummiliki. Makofi yale hayakuwa na faida yoyote kwa waliopiga. Hayakuweza kumrudisha, hayakuweza kuongeza bao hata moja, na yalimtia moyo mpinzani. Hata hivyo yalikuwa ya kweli kuliko yale ya miaka ya nyuma, ambayo huenda nusu yake tulikuwa tukijipigia wenyewe kwa kuwa tumeshinda.

Nayasema haya kwa sababu sharika zetu nazo zina siku zao za uhamisho. Mchungaji aliyetubatizia watoto hupewa barua, na mara nyingi haulizwi sana. Nimewahi kuwa katika usharika ambao uliugua kwa miaka miwili baada ya mchungaji mmoja kuhamishwa. Tulimwandikia askofu, tukasusa harambee, tukampokea mchungaji mpya kwa adabu baridi ambayo ni mbaya kuliko matusi, na kila alipohubiri tulimpima kwa kipimo cha mwenzake. Yule aliyehama hakupata faida yoyote kutokana na uaminifu wetu huo. Nadhani ulimwaibisha. Nilikuwa mmoja wa walioandika barua.

Padres, kwa upande wao, waliwatoa wachezaji 6, wengi wao vijana ambao mashabiki wa Washington walikuwa hawawajui. Mmoja wa waliotakiwa awali, Eric Hosmer, alikuwa na kipengele cha kukataa katika mkataba wake, akakitumia, ikabidi atafutwe mwingine. Vijana wale walikuja kuzibeba lawama wasizozitenda. CJ Abrams aliwekwa katika nafasi ngumu ya ulinzi mbele ya watu ambao macho yao yalikuwa bado San Diego. MacKenzie Gore alifika akiwa majeruhi. James Wood alikuwa na miaka 19 na alikuwa bado katika ligi za chini. Mwaka ule Nationals walipoteza michezo 107. Abrams alichaguliwa katika timu ya nyota mwaka 2024, Gore na Wood mwaka 2025, na Wood huyo leo anaupiga mpira mbali mno. Kuna ndugu atakayesema hapo kwamba mnaona sasa, Mungu alifunga mlango mmoja akafungua mwingine. Mimi sisemi hivyo. Nationals hawajawa mabingwa tena, Soto angali anapiga kwingineko, na sina ruhusa ya kumwandikia Mungu hesabu zake. Ninachoweza kusema ni kwamba vijana wale walistahili kupokelewa siku ile ya kwanza, wakiwa bado hawajafanya lolote.

Kuna kipande kingine ambacho kila nikikikumbuka hutabasamu. Soto alipofika San Diego, aliwakuta katika chumba cha kubadilishia nguo watu wawili anaowafahamu: Josh Hader, ambaye Padres walikuwa wamemchukua siku moja tu kabla yake, na Trent Grisham. Wale ambao kwa huzuni yao sisi tulipata furaha yetu kubwa Oktoba ile ya 2019 walikuwa sasa wenzake wa kula naye meza moja. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023, Soto akabadilishwa tena, akapelekwa New York Yankees, na aliyefungwa naye katika mzigo mmoja alikuwa Grisham yuleyule. Sijui walizungumza nini kuhusu mpira ule uliopita chini ya glavu.

Nimerudi tena Mileto. Kutoka pale hadi Efeso ni mwendo unaozidi kilomita 50, na wazee wale walikuwa wamekwisha kuutembea mara moja. Huko walikotoka kulikuwa na wagonjwa wa kutembelewa, na mbwamwitu wakali ambao Paulo alikuwa amewaonya kwamba wataingia kundini. Merikebu ilipotoweka waligeuka, wakaanza kutembea. Na siku ya kwanza ya juma, watu walipokusanyika, mmoja wao, ambaye jina lake hatukuandikiwa, alisimama mahali pale alipozoea kusimama Paulo, mbele ya nyuso zilizokuwa bado zinamtafuta mtu mwingine.